Baridi ya Minnesota: kijana asianze na jaketi, aanze na kujifunza kukaa mkavu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Najua barua yangu ni ndefu, ukitaka kukata kata kokote ila pale kwenye habari ya mkaa naomba usipaguse.

Juzi mlitoa barua ya kijana wa Mbeya anayekuja kusoma huku Minnesota, Marekani, mwezi wa kwanza, akauliza wasomaji anunue nini, maana kasikia chuoni kuna kundi la wanafunzi wanaokwenda kulala porini kwenye theluji na yeye anataka kwenda nao. Wiki iliyofuata watu wakamjibu. Mmoja akamwambia huo ni wazimu, mtu mweusi na theluji wapi na wapi. Mwingine akamwandikia orodha ndefu kama ya harusi, jaketi la manyoya ya bata, slipingi begi, yani mfuko wa kulalia, ya nyuzi sijui ngapi, buti, miwani, taa ya kichwani, ukijumlisha bei zote ni hela ya bodaboda mpya. Nimezisoma zote mbili nikakosa amani kabisa, maana mimi ni mtu wa Makete, nipo Duluth mwaka wa kumi na moja huu, na kila mwaka naenda kulala porini kwenye barafu, na najua kuwa huyo kijana akinunua orodha yote ile halafu asifundishwe kitu ataumia akiwa amevaa vitu vyote vya gharama.

Nasema hivyo kwa sababu yalinikuta.

Safari yangu ya kwanza tulikwenda juu ya Ely, masaa kama mawili kwa gari kutoka hapa Duluth, kule kwenye pori la maziwa wanaloliita Boundary Waters, zaidi ya ekari milioni moja za maziwa na misitu mpaka mpakani na Kanada. Wakati wa kiangazi watu wanapiga kasia, wakati wa baridi maziwa yote yanaganda yanakuwa ndio barabara. Nilikuwa nimenunua jaketi zuri sana, aliyeniuzia aliniambia na hili utalala hata nje. Chini nimevaa jinzi na fulana ya pamba. Tukavuta mizigo kwenye sleji, yani chombo cha kuburuta juu ya theluji, masaa manne na mimi muda wote sikufungua zipu hata moja, niliona baridi ni adui na jaketi ni ukuta, kwa hiyo kila nikiona joto linapanda najiambia hapo sasa ndio linafanya kazi. Kumbe ndani nalowa. Mwezi wa kumi na mbili huku saa kumi na nusu jioni jua limeshazama, tukasimama kupiga kambi, na pale pale tuliposimama lile jasho likageuka maji ya barafu mgongoni. Nikaanza kutetemeka, baada ya muda mikono ikawa haishiki kitu, naiangalia zipu naijua kabisa inavyofungwa ila vidole havitii, na ulimi ukawa mzito wenzangu hawanielewi ninachosema. Walinivua kila kitu, wakaniingiza kwenye slipingi begi na chupa mbili za maji ya moto, moja kifuani na moja mapajani, wakaninywesha chai yenye sukari nyingi. Wangechelewa kidogo tu kutetemeka kungekoma, na mtu aliyepigwa na baridi akiacha kutetemeka bila kupata joto hapo ndio hatari kubwa, sio kwamba amepona.

Sasa jaketi halikuwa bovu. Ni mimi sikujua kazi ya jaketi.

Baada ya hapo mfanyakazi mwenzangu mmoja akanipeleka kwa baba yake, mzee wa Kiojibwe, yani wenyeji wa asili wa maeneo haya, anaishi Fond du Lac, magharibi ya Duluth si mbali. Mzee yule alinichukua wikiendi tatu mfululizo na hakunionyesha kitu hata kimoja cha kununua. Wikiendi ya kwanza alinivua jaketi akaliweka kwenye sleji, tukatembea na sweta la sufu tu na kitu chepesi cha kuzuia upepo, taratibu, na kila nikipata joto ananisimamisha navua kofia, naachia shingo, nafungua mikono ya nguo, afu tunaendelea. Alitaka niwe na kaubaridi kidogo muda wote wa kutembea. Jaketi tulilitoa tulipofika, likiwa kavu, nikalivaa juu ya nguo kavu, na mhariri nakwambia lile lile jaketi lililotaka kuniua ndilo lililonipa joto mpaka asubuhi.

Nilikaa pale kwenye moto nikamkumbuka bibi. Sisi Makete kipupwe kikifika kuna asubuhi unatoka nje majani yote meupe ya sakitu, na kule Kitulo ndio usiseme. Bibi ukirudi shamba hakuruhusu ukae na nguo ya jasho hata kama jua linawaka, vua hiyo, vaa kavu, ndio usogee kwenye moto. Sisi tuliona ni ukali tu wa wazee. Na kitanda chake kilikuwa na nyasi kavu nene chini ya blanketi, kila mwaka anabadilisha, alikuwa anasema baridi mbaya inatoka chini. Mzee wa Kiojibwe naye ananiambia hayo hayo, kwamba wazee wake walikuwa wanatandika matawi ya misonobari chini ndipo wanaweka ngozi ndipo wanalala, maana ardhi inanyonya joto la mtu usiku kucha. Siku hizi Boundary Waters hairuhusiwi kukata miti mibichi, kwa hiyo tunatumia mikeka ya sponji, ila akili ni ile ile ya bibi. Kwa hiyo wewe kijana wa Mbeya usije huku ukijiona huna chochote unachokijua kuhusu baridi. Waulize wazee wako kabla hujapanda ndege.

Sasa nimjibu kuhusu vitu, maana ndio aliuliza.

Nguo ya ndani na sweta iwe sufu. Sufu hata ikipata unyevu bado inashika joto, pamba ikilowa inakung'ang'ania mwilini inakunyonya joto lote, kwa hiyo jinzi na fulana za pamba ni za kuvaa mjini, porini aziache kabisa. Na sufu asinunue mpya dukani. Huku yapo maduka ya nguo zilizotumika, ndio mitumba yenyewe inapoanzia safari kabla haijatufikia sisi, sweta zito la sufu tupu unalipata kwa dola chache tu, soma lebo ndani ya shingo. Na suruali za sufu za jeshi zilizotumika zipo, nzito, zinawasha kidogo, ila cheche za moto zikidondokea hazitoboki hovyo kama nailoni. Hata kabla hajaja apite mitumbani huko huko Mbeya, watu wengi wanayakimbia masweta ya sufu kwa sababu yanawasha, anaweza akayapata bei ya kutupa. Juu ya sufu awe na kitu chepesi cha upepo kinachopumua, sio koti la mvua la plastiki, maana lile linafungia jasho ndani. Jaketi kubwa la kukaa nalo kambini sio lazima liwe la bei, liwe pana tu la kuvalika juu ya kila kitu.

Mikononi avae mitensi, yani glavu zisizotenganisha vidole, vidole vinne vikae pamoja vipashane joto. Watu wa huku wana mitensi ya ngozi yenye sufu ndani wanaiita chopa, wakata miti wameitumia miaka na miaka. Aifunge na kamba ipite shingoni kama tunavyowafungia watoto, asione aibu, mitensi moja ikipeperuka na upepo ziwani hakuna duka.

Kwenye viatu ndio watu wengi wanakosea. Mzee alinionyesha makizin, kiatu laini cha ngozi ya musi, yule mnyama mkubwa wa huku wa jamii ya kulungu, ngozi imekaushwa kwa moshi, ndani unavaa soksi nene za sufu na kitambaa kingine cha sufu. Mguu unapumua, unakunja vidole, damu inatembea. Kwenye baridi kavu la Januari sijavaa kitu kinachokifikia. Ila theluji ikianza kuyeyuka, mwezi wa tatu au Novemba, kinalowa na hakifai kabisa. Kwa hiyo kijana anayeanza ningemshauri atafute buti za mpira chini na ngozi juu zenye kitambaa kizito ndani kinachotoka, ili kila usiku akitoe akikaushe. Na zisimbane! Soksi tatu kwenye kiatu kinachobana ni baridi kuliko soksi moja kwenye kiatu chenye nafasi, mimi hili nimelishuhudia kwa watu wasiopungua watano na wote walikuwa wamenunua viatu vya gharama.

Kulala, aweke mikeka miwili, wa sponji ngumu chini na mwingine juu yake, huwezi kupata joto la slipingi begi ya aina yoyote kama chini uko mtupu, maana yale manyoya ya chini umeyalalia yamebanwa hayana hewa. Slipingi begi za baridi kali ni ghali sana, asinunue, akodi, vyuo vingi vya huku vinakodisha vifaa vya porini kwa wanafunzi, na hata Ely wapo wanaokodisha. Au achukue mbili za kawaida aingize moja ndani ya nyingine, inafanya kazi vizuri tu. Kabla ya kulala ale kitu cha mafuta, mimi nakula karanga na siagi, na aingie na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri. Haja ndogo ikimbana usiku atoke, asijikaze, mtu aliyejikaza halali.

Chakula nacho nimalizie hapo hapo. Mimi nabeba unga wa ugali mwaka wa kumi huu, mkavu hauna maji ndani hauwezi kuganda, mwepesi, na wenzangu wote sasa wanaupenda. Mzee yeye anapika bakwezhigan, unga wa ngano na chumvi na mafuta, anaukaanga kwenye sufuria la chuma, ukionja unasema hii si chapati nene ya nyumbani jamani. Maji ya kunywa chupa igeuze kichwa chini, barafu inaanza kuganda juu, ukija kuigeuza mdomo uko wazi. Na jiko la gesi ya mtungi mdogo asitegemee sana, ile gesi ya biuteni ikifika sifuri inagoma kutoka, watu wanabaki na mtungi umejaa na chai hamna.

Ila sasa mambo yenyewe niliyotaka kusema hayauzwi. Kuwasha moto kwenye theluji mtu anajifunza kwa kuwasha, mara ishirini, thelathini, na mikono imekufa ganzi, maana huo ndio wakati utakaouhitaji. Unatafuta mti uliokufa ukiwa bado umesimama, sio uliolala chini ya theluji huo umejaa maji, unaukata kwa msumeno, unaupasua kwa shoka ufike katikati kwenye kuni kavu. Gome la mti wa bechi, lile jeupe linalobanduka kama karatasi, lina mafuta yake ya asili linawaka hata likiwa limelowa, unachukua la mti uliokufa tu. Halafu chini unatandaza magogo mabichi yaliyolala tayari, ukiwasha juu ya theluji moto unazama wenyewe unajizima.

Na barafu. Hili nalisema kwa uchungu maana kila mwaka huku tunasoma habari za watu waliozama. Idara ya maliasili ya jimbo inasema kutembea kwa miguu barafu mpya iliyo safi na ngumu iwe angalau inchi 4, kama sentimita 10, na ile nyeupe yenye mapovu iwe nene maradufu. Mzee anakwenda mbele na mtaimbo anapiga kila hatua chache, anasikiliza mlio. Pale mto unapoingia ziwani au kutoka hapakanyagwi hata kama jana palipitika. Shingoni tunavaa vijiti viwili vyenye misumari, ukitumbukia unachomeka kwenye barafu unajivuta. Hata mwaka ukiwa na baridi vipi maji yanayotembea hayaaminiki, na hapa nazungumzia jimbo ambalo mji mdogo wa Tower ulipima nyuzi 51 chini ya sifuri tarehe 2 Februari 1996.

Viatu vya theluji pia nataka nivitaje kwa sababu navipenda. Kiojibwe vinaitwa aagimag, kimoja aagim, virefu, vimechongoka mbele na nyuma, mti wa eshi umekunjwa kwa mvuke na katikati pamesukwa kama wavu. Nilikwenda kujifunza kusuka kwenye shule ya ufundi wa jadi ya Grand Marais, North House Folk School, ipo tangu 1997 pale pembeni ya Ziwa Superior. Tulisuka kwa kamba ya nailoni, zamani ilikuwa ngozi mbichi, nzuri sana ila ikilowa inalegea. Na kufungia mguuni tunatumia utambi mpana wa taa, ule ule wa kandili, haugandi ukawa mgumu kama mkanda wa ngozi na unaufungua bila kuvua mitensi. Siku mbili za kuinama mgongo unauma, lakini mtu akishasuka chake, kikimkatikia porini anajua kukirudisha. Aliyenunua cha plastiki kikimkatikia anarudi akizama mpaka kiunoni. Na wenyeji hawa wamevaa vitu hivi karne na karne kabla ya mtu yeyote kufungua duka la michezo, kwa hiyo yule msomaji aliyesema theluji ni mambo ya wazungu naomba asirudie tena, hakuna mzungu aliyewafundisha Waojibwe kutembea kwenye theluji, ni wao waliowafundisha wazungu, na hata hilo neno tobogani la sleji ya mbao linatoka kwenye lugha za wenyeji.

Sasa mkaa. Huku tunalala kwenye hema la turubai lenye jiko dogo la bati ndani na bomba linalotoa moshi nje, raha yake kubwa ni kukausha nguo na soksi jioni. Lakini hata na bomba lile tunaacha tundu la hewa wazi juu na chini usiku kucha, na watu wengi wanaacha moto ufe wakalala na baridi yao ndani ya slipingi begi. Jiko la mkaa halina bomba. Ile sumu yake haina harufu, haina moshi wa kukushtua, unasikia kichwa kinauma kidogo na usingizi mtamu, basi. Kila kipupwe tunasikia familia huko nyumbani, nyanda za juu, wameingiza jiko chumbani wakafunga madirisha wakaziba na nguo chini ya mlango, asubuhi majirani wanavunja mlango. Nakuomba mhariri hili mlitoe mwezi wa tano kabla baridi halijaanza, ukurasa wa mbele kama inawezekana, sio mwezi wa saba tukishazika. Na kijana wangu, hata chumbani kwako huku umeme ukikatika, usithubutu.

Neno moja kwa wanaopandisha wageni Kilimanjaro, maana nao ni watu wa kulala kwenye baridi na hawaandikwi. Mdogo wangu ni mpagazi. Kambi ya Barafu ipo mita zaidi ya 4,600 na mpagazi anafika pale amelowa jasho, amebeba mpaka kilo 20 mbali na za kwake, fulana ya pamba. Kitu cha kwanza akifika abadilishe fulana, hata kabla ya kushika vigingi vya hema. Fulana moja kavu kwenye mfuko wa plastiki, hiyo tu. Wasio na nguo Moshi kuna mradi wa kuwasaidia wapagazi, KPAP, unaazimisha nguo za baridi bure tangu 2003, waende wasione haya. Nimemwambia mdogo wangu, mwaka jana kaanza kubeba fulana ya pili, ameniambia halali tena na kikohozi.

Kijana wa Mbeya akifika aniandikie, anwani yangu mhariri anayo na ninaruhusu apewe. Mwezi wa pili mwanzoni tunakwenda siku tatu na mzee ameshakubali kuja. Jozi ya pili ya aagimag ninayo, inamfaa mtu wa kilo mpaka 80. Buti tutamtafutia pamoja. Aje na sweta lake la sufu la mitumba, na aje amemuuliza bibi yake walikuwa wanalala vipi.

Msomaji wenu,
Duluth, Minnesota